Majani Mbele ya Gari ya Baba

Kwanza niwashukuru wote mlionitumia rambirambi. Zimenifikia, za mtaa wa Dilala na za kwetu Kapata, hapa Kolwezi, na nyingine zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilimsomea Baba kwenye simu. Aliomba nirudie ile ya jirani yetu wa nyumba ya tatu, kisha akauliza kwa nini watu hawakumsema vizuri hivyo wakati alipokuwa kazini. Baba yu mzima. Ana kikohozi chake cha siku zote na hasira zake za siku zote. Lakini kila ninayekutana naye ananisogezea kiwiko kwa huzuni na kuniuliza ilikuwaje, kwa hiyo naandika mara moja, nisije nikasimulia hadi sauti ikanikauka.

Kosa la kwanza ni langu. Baba alipostaafu ufundi wa mashine mgodini, alirudi Likasi kwenye nyumba ya ukoo, akaniachia gari yake. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, yenye usukani mwembamba na kiti cha mbele kirefu ambacho sisi watoto sita tulikulia juu yake. Hakunipa, aliniachia. Tofauti hiyo alinieleza kwa saa nzima. Mimi, kwa sababu kutu ilikuwa imekula milango, nikaipaka bluu bila kumuuliza. Halafu corona ikaingia. Barabara zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa nusu, na mfanyabiashara mmoja aliyepita Kapata akampelekea Baba habari kwamba mwanao siku hizi anapanda pikipiki, na uani kwake kuna gari ya bluu ya mtu mwingine.

Baba akakata shauri kwamba nimeiuza. Nilimtumia picha, akasema picha zinatengenezwa. Niliwasha injini na kuishika simu karibu, akasema anasikia mtu anakoroma. "Mpaka nione na macho yangu," aliniambia. "Na usikawie. Mi si kijana tena." Neno hilo la mwisho liliniingia. Miezi ile wazee wa umri wake walikuwa wakitutoka bila sisi kuruhusiwa hata kufika mlangoni. Sikutaka baba yangu aondoke akiniita mwizi.

Basi masharti yalipolegea, na wapenzi wa magari ya zamani wa Likasi walipotangaza maonyesho kwenye uwanja wa mpira, kila gari hatua kumi kutoka kwa mwenzake, watazamaji waingie kwa lango moja na kutokea jingine, chama chetu cha Kolwezi kiliruhusiwa kupeleka magari mawili. Chama kina magari kumi na moja. Yanayotembea ni manne. Niliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi.

Kapata hadi daraja la Lualaba

Tuliondoka alfajiri, magari mawili. Mbele mimi na mke wangu, Mama Béa. Nyuma yetu rafiki yangu Dieudo, karani wa depo ya mbao, peke yake katika gari ya kijani ambayo huwaka ikijisikia. Sare ya chama tulichagua wenyewe tuonekane watu wa heshima: suti nyeusi, shati jeupe, tai nyeusi. Mama Béa naye alivaa gauni jeusi na kilemba cheusi, ili tufanane. Naomba mlikumbuke jambo hilo la rangi.

Sharti la wiki ile lilikuwa kwamba abiria asikae sambamba na dereva. Kwa hiyo mke wangu wa miaka ishirini na sita, ambaye tulikuwa tumeamka kitanda kimoja, alikaa nyuma upande wa kulia, barakoa usoni, mkoba magotini, na mimi nikawa shoferi wake. Alilipenda sana sharti hilo. Kufika Dilala alikuwa ameshaniambia mara mbili nipunguze mwendo.

Darajani tulikuta foleni ya malori ya madini hadi macho yanaishia. Tulisubiri muda wa kutosha kula mihogo yote ambayo Mama Béa alikuwa ameiandaa kwa ajili ya safari nzima. Mwanamke mmoja alipita akiuza chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga, pamoja na barakoa katika beseni moja. Nilipomuuliza kama barakoa itanitosha, aliivaa mwenyewe, akavuta pumzi mara mbili, akaivua, akaninyooshea.

"Inatosha muzuri," alisema.

Tulinunua chikanda.

Darajani hadi Fungurume

Gari ya Dieudo iligoma baada ya daraja, mahali penye kupanda. Alishuka, akafungua boneti, akasema ni mpira wa mafuta umeziba. Dawa yake ni kuunyonya. Dieudo ni mtu wa tahadhari sana, tangu siku ya kwanza ya corona hajawahi kuivua barakoa mbele za watu, na akajaribu kuunyonya mpira bila kuivua. Alijaribu mara tatu. Mama Béa alilazimika kugeuka upande mwingine na kuziba macho ndipo akakubali.

Wakati huo mimi nilikuwa natafuta matawi. Kwetu gari ikilala njiani unakata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani, nyuma na mbele, ili malori yajue. Ila barabara ile haina miti tena, yote imekwenda kwenye makaa. Nilitembea karibu nusu saa na tai yangu shingoni hadi nikapata mti wenye majani ya maana, nikarudi nimebeba mzigo kama wa kuni.

Gari ilipowaka, Dieudo aliyatazama matawi yale kwa uchungu.

"Tutayaacha?" aliuliza. "Hii ya kwangu itagoma tena, ninaijua. Mbele kule hakuna hata muti moja."

Ndani ya gari hapakuwa na nafasi. Buti zote mbili zilijaa viazi vitamu, makayabo yetu ya samaki wa chumvi na masufuria, maana Mama Béa haamini matembezi yasiyo na sufuria. Kwa hiyo tuliyafunga matawi mbele ya magari, juu ya boneti, kwa vipande vya mpira wa tairi.

"Ngoy," mke wangu aliniita taratibu. "Majani mbele ya gari ni ya kilio."

"Kilio ni kama batu banalia," Dieudo alimjibu. "Shiye tunacheka."

Naye Mama Béa akarudi kwenye kiti chake cha nyuma. Sasa mtazame: magari mawili ya zamani yaliyong'arishwa, yanakwenda polepole kwa sababu ni mazee, taa zimewashwa mchana kwa sababu ya vumbi, majani mabichi mbele, na ndani watu wa nguo nyeusi. Mtoto wa miaka mitano wa Kapata angejua ni nini. Mimi sikujua. Mimi nilidhani watu wanaipenda gari yangu.

Maana walianza kutupisha. Malori yalikaa pembeni. Vijana wachimbaji waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye magunia ya mawe walisimama na kuvua kofia. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba, nikaona huyo kweli anaelewa magari. Nilishusha kioo nikaanza kupunga mkono, kulia na kushoto. Kadiri nilivyopunga ndivyo walivyonitazama kwa mshangao, na kadiri walivyoshangaa ndivyo nilivyozidi kupunga. Kwenye kioo niliona minibasi inatufuata na taa zake zimewashwa, nikamwambia Mama Béa kwamba tumepata mashabiki.

"Naona," alisema.

Kizuizini

Baada ya Fungurume palikuwa na kizuizi. Askari alikuja na kipimo cha joto mkononi. Nilimnyooshea barua ya chama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Karatasi ikae kwako, tata. Virisi inapendaka karatasi." Akanipima kwenye paji la uso, akatazama, akapima tena. Kipimo kilisema nina digrii ishirini na nane. "Ni huzuni," alisema kwa upole. "Unajua, tangu leo asubuhi matembezi imefungwa. Kupita ni bintu ya kuuzisha tu, bagonjwa na kilio. Kilio ni batu makumi mbili. Muko bangapi?"

"Tuko batatu."

Akaangalia nyuma yangu. "Na bale?"

Niligeuka. Nyuma ya Dieudo kulikuwa na ile minibasi, lori dogo lililojaa akina mama, na pikipiki tano, kila moja na tawi lake.

"Bale siwajui," nilisema.

"Njo vile," alikubali. "Kwa kilio batu habajuane bote." Alipita akihesabu kwa kidole, akapata thelathini na mmoja. Akawateremsha kumi na mmoja, wengi wao wa pikipiki, akawaketisha kivulini. "Bale bangojee kilio ingine," alitueleza. Nao walikaa bila kunung'unika, kana kwamba ni jambo la kawaida.

Nataka iandikwe kwamba sikusema uongo. Nilifungua kinywa nieleze, askari akaweka mkono kifuani kwake mwenyewe, akaniinamia na kusema, "Mungu akutie nguvu, tata," na kamba ikashushwa. Baba alikuwa chini ya kilomita mia mbele yangu, na matembezi yalikuwa yamefungwa. Nilikanyaga mafuta.

"Ulijua tangu lini?" nilimuuliza mke wangu tulipopita.

"Tangu Dieudo anafunga mupira ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nilisema. Halafu ulianza kupunga mukono kama gavana, nikaona nikuache kidogo. Ni miezi mingi sijacheka."

Kizuizini hadi Likasi

Niliamua kutenda haki. Tulipokata kona nilisimama, nikashuka kuondoa majani na kuwaambia watu ukweli. Mwanamke mnene wa makamo alitoka kwenye minibasi, akanijia akilia tayari, akasimama mita mbili kabisa kama sharti linavyotaka. Jina lake Mama Régine.

"Gari ni ya nani, tata?"

"Ni ya baba yangu," nilisema. "Tata Ilunga, alikuwa fundi. Tunamupelekea kwake, Likasi."

"Ilunga wa mulango nyekundu, karibu na kanisa?"

"Njo yeye."

Alijifunika uso. Kisha akatoa simu, akampigia binamu yake Likasi, na kabla sijasema neno la tatu nilisikia jina la baba yangu likifuatwa na kilio upande wa pili wa simu. Nikamwambia, "Mama, ngoja, nikueleze." Akanyanyua kiganja.

"Usieleze. Mi ninajua." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Dada yangu Odette alikufaka wakati barabara imefungwa. Balinizuia hapa hapa, siku tatu, balimuzika bila mi. Batu kumi tu. Mi sikuliaka, tata. Nilirudi nyumbani nikapika. Sasa nikiona majani mbele ya gari, naingia mu minibasi, nafuata. Sijui ni ya nani, nafuata tu."

Niambieni, nyinyi mnaonilaumu, mngesema nini hapo? Nilirudi kwenye gari, majani yakabaki palepale, na akina mama wakaanza kuimba nyimbo za kanisa. Mama Béa hakucheka tena. Aliimba nao sauti ya pili.

Tukiingia Likasi, Dieudo alinipigia kutoka gari ya nyuma. Alikuwa amepata ujumbe: maonyesho yameahirishwa tangu asubuhi, uwanja umefungwa, samahani kwa usumbufu.

Mlango mwekundu

Baba alikuwa amejikinga tangu mwanzo wa ugonjwa. Alifunga kamba kutoka nguzo ya lango hadi kwenye ukuta, akaweka ndoo ya maji na sabuni, na hakuna mtu aliyevuka kamba ile kwa miezi, yeye mwenyewe pia. Chakula kilipitishwa juu. Barakoa yake alishonewa kwa kitambaa cha pazia, kubwa, inaanzia chini ya macho na kuishia kwenye kola.

Tulipofika, upande wa nje wa kamba walikuwa wamejaa majirani wanalia. Upande wa ndani Baba alikuwa amekaa kwenye kiti, amekasirika.

"Mi njo Ilunga," alikuwa akisema. "Mi njo Ilunga mwenyewe."

"Pole, tata mukubwa," majirani walimjibu. Kwa sababu ya lile pazia walidhani ni kaka yake mkubwa amefika kutoka kijijini, na kwamba uchungu umemvuruga akili. Jirani mmoja alikuwa ameshawasha moto na kuteleka maji ya bukari, ugali wetu.

Nikazima injini. Watu walipoona suti yangu na majani, walilia upya. Baba hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anaitazama gari.

"Nani alikuambia upake bluu?" aliuliza.

Sauti ile hakuna aliyeikosea. Kilio kilikatika ghafla, na mama mmoja alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Fungula kapo," Baba alisema.

Nikayasogeza majani, nikafungua boneti. Baba aliinama, akapita chini ya kamba. Binti wa jirani aliniambia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu corona. Mimi nilirudi nyuma mita mbili, naye akaingiza kichwa kwenye injini, akagusa hiki na kile, mpaka mkono wake ukafika pale kwenye bomba la rejeta, kwenye waya wa shaba ambao aliusokota mwenyewe mimi nikiwa darasa la nne, kibanio kilipovunjika. Sikuwahi kuubadilisha. Aliushika, akakaa hivyo.

"Hii ni mukono yangu," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Nilikutukana mingi."

"Ndiyo, Baba."

"Lakini bluu ni mubaya."

"Ndiyo, Baba."

Hapo nililia. Nasema wazi, nililia hadi barakoa ikalowa. Majirani wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana hata kama hapakuwa na maiti, walikuwa wameshaanza kusemezana kwamba mtoto huyu ana macho makavu.

Ndipo mkubwa wa mtaa akafika, ameambiwa kuna mkusanyiko. Alituhesabu akapita ishirini bila kufika hata nusu.

"Hii ni matembezi ao ni kilio?" aliuliza. "Kama ni matembezi, imekatazwa. Magari irudi Kolwezi sasa hivi, batu barudi kwao."

Niliona sina budi. Nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu, kwamba majani yalikuwa ya gari mbovu tu, kwamba hakuna aliyekufa. Nilisema nikimtazama Mama Régine. Alikuwa amesimama kando ya minibasi, mikono imening'inia, na sijawahi kuona aibu kubwa zaidi ya ile niliyoisikia.

Baba alijipangusa mafuta kwenye suruali. "Mama," alimwita, "weye ulikuya kumulilia nani?"

"Dada yangu," alisema. "Odette."

"Basi kilio iko," Baba alimwambia mkubwa wa mtaa. "Ni ya Mama Odette. Hesabu batu makumi mbili. Bengine basimame kwa milango yao."

Mkubwa wa mtaa alifikiri. Kisha akahesabu ishirini.

Baba aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mama Régine akaeleza kwamba alikuwa akiuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kando ya barabara maisha yake yote, akihudumia madereva, na hajawahi hata siku moja kupanda gari ndogo. Baba akafungua vioo vyote vinne. Akamkalisha Mama Régine nyuma upande wa kulia, kwa mujibu wa sharti. Akaingia mbele, akakamata usukani, na gari ya bluu ikaenda mwendo wa mguu kuzunguka mtaa, majani mbele, na sisi ishirini nyuma, tumeachiana nafasi, tunaimba. Watu walisimama milangoni. Mama Régine alilia kwa sauti kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Tulipomaliza mzunguko alisema, "Tata, kidogo tena." Baba akazunguka tena.

Halafu tulikula bukari na makayabo ya Mama Béa, kila mtu na sahani yake, mbalimbali. Gari ya Dieudo iliwekwa upande mmoja wa lango na ya kwetu upande mwingine, na watu wa milangoni wakaruhusiwa kupita kuzitazama, mmoja mmoja. Hayo ndiyo maonyesho yenu. Dieudo anadai alipata nafasi ya pili.

Kurudi

Wakati wa kuondoka nilimnyooshea Baba mkono wangu, mbali, kiganja wazi, nikingoja ufunguo. Aliutia mfukoni.

"Nilikuachia," alinikumbusha. "Sasa naachiwa mi."

"Baba, nitarudi na nini?"

"Dieudo ana kiti." Akavuka chini ya kamba kurudi kwenye kiti chake, akakaa, akainyoosha barakoa yake ya pazia. "Kama unaogopa nitaiuza, ukuje kuangalia. Usiniamini kwa simu. Kila barabara ikifunguka, ukuje uone na macho yako."

Kwa hiyo tulirudi Kapata katika gari ya kijani, Mama Béa nyuma kulia na mimi nyuma kushoto, matawi magotini kwa sababu Dieudo bado alikuwa na wasiwasi, na kweli iligoma mara mbili. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa nje tuliposhuka. Aliona suti nyeusi, macho mekundu, majani mikononi, na gari ya Baba haipo. Hakuuliza chochote, alikwenda moja kwa moja kuandika rambirambi.

Sasa mmejua. Rambirambi zenu sirudishi, Baba amezihifadhi, anasema zitatumika. Na mkiniona Jumamosi kwenye kituo cha basi na kopo la mafuta ya injini mkononi, msinipe pole. Naenda kuhakikisha kwamba hajaiuza.